Stendi ya miavuli ipo, sakafu bado imelowa: tafuta chanzo dalili kwa dalili

Kikingio cha matone ya miavuli ni kifaa rahisi, na kwa sababu ya urahisi huo kikishindwa kazi watu hawakichunguzi. Wanatupa tambara sakafuni, wanalalamika msimu mzima, kisha wananunua kingine chenye kasoro ileile. Nimeshughulika na milango ya kuingilia kwa misimu mingi ya mvua, na ninaamini vikingio vingi vinavyotupwa vingeweza kutengenezwa kwa nusu saa, mradi tu mtu ajue maji yanapitia wapi.

Kila kikingio, kiwe ndoo ya plastiki, stendi ya chuma yenye trei au mashine ya kuvalisha miavuli mifuko, kina kazi tatu: kulipokea tone pale linapodondoka, kulishika lisitoroke, na kuliacha liondoke, ama kwa kumwagwa ama kwa kukauka. Wakati wa kununua tunaangalia kazi ya kwanza tu. Hitilafu nyingi zimejificha kwenye ya tatu.

Kabla hujagusa chochote

Toa miavuli yote. Mwaga maji ya trei, ifute, kisha futa sakafu mpaka ikauke kabisa. Tandaza magazeti chini ya stendi, yajitokeze kama sentimita 30 kila upande. Chukua kikombe cha maji, tia matone machache ya rangi ya chakula, mimina taratibu ndani ya trei na usubiri saa moja bila kuweka mwavuli wowote.

Gazeti likipata rangi, trei inavuja. Likibaki kavu, weka mwavuli mmoja uliolowa na uangalie doa la kwanza linatokea wapi. Doa lenye rangi ni maji yaliyokwisha kufika kwenye trei yakatoroka. Doa lisilo na rangi ni maji ambayo hayakuingia kwenye trei hata kidogo. Usiruke hatua hii. Mimi niliwahi kuziba kona za trei moja mara mbili kwa gundi, na trei ilikuwa nzima. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye mkanda wa kufungia mwavuli uliokuwa ukining'inia nje ya stendi.

Dimbwi chini ya stendi

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na ina vyanzo vitano ambavyo havifanani hata kidogo.

*Trei imejaa.* Inaonekana jambo la wazi, lakini ni wachache wanaojua trei yao inabeba kiasi gani. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1000, utapata lita. Trei ya sentimita 40 kwa 20 yenye kina cha sentimita 2 inabeba lita 1.6 ikiwa imejaa hadi ukingoni. Sasa pima mwavuli wako kwenye mizani ya jikoni ukiwa mkavu, upime tena ukitoka mvuani. Kila gramu iliyoongezeka ni kama mililita moja ya maji. Tuseme umepata tofauti ya gramu 80: miavuli 20 ya namna hiyo inatosha kuijaza trei ile. Nyumbani hilo si tatizo. Kwenye mlango unaopitwa na watu wengi, miavuli 20 inaweza kupita asubuhi moja kabla watu hawajaketi kazini. Dawa yake si trei kubwa tu, bali kuweka saa ya kumwaga: siku ya mvua kubwa trei imwagwe kabla haijafika nusu, kwa sababu trei iliyojaa haibebeki bila kumwagika njiani.

*Stendi haijakaa sawa.* Hapa ndipo ninapokutana na makosa mengi kuliko mahali pengine. Sakafu ya karibu na mlango mara nyingi ina mteremko kidogo, usioonekana kwa macho. Trei ile ya lita 1.6, upande mmoja wa urefu wake ukishuka kwa sentimita 1 tu, huanza kumwagika ikiwa na lita 1.2. Ukishuka kwa sentimita 2, inabaki na lita 0.8, yaani nusu ya uwezo wake. Mwenye stendi atakuapia kwamba trei haijajaa, na anasema kweli, kwa kuwa upande wa pili ni mkavu. Weka pimamaji juu ya trei, au mimina maji kidogo uone yanakimbilia wapi. Inua miguu iliyo chini kwa vipande vya mpira au plastiki ngumu. Usitumie boksi la karatasi. Litalowa, litabonyea, na utarudi ulikoanzia.

*Ufa.* Plastiki iliyokaa karibu na kioo cha mlango huchakazwa na jua, ikawa kavu na kuvunjika pembeni. Trei ya chuma hutoboka kwenye kona zilizounganishwa. Kwa chuma, kausha, sugua kwa msasa, paka gundi ya silikoni na uiache siku nzima kabla ya kutia maji. Kwa plastiki, geuza kwanza trei uangalie namba iliyo ndani ya pembetatu. Ukiona 2, 4 au 5, usipoteze gundi yako. Hizo ni plastiki za jamii ya polithini na polipropilini, na gundi nyingi hazizishiki. Inabanduka kama ganda. Badilisha trei tu.

*Utambi.* Fikiria koroboi: mafuta yako chini, lakini utambi unayapandisha juu. Kitambaa chochote ambacho ncha moja imo majini na nyingine imevuka ukingo wa trei hufanya vivyo hivyo. Hupandisha maji, huyavusha na kuyadondosha sakafuni usiku kucha. Inaweza kuwa tambara lililowekwa ndani ya trei kwa nia njema, pembe ya mwavuli uliolegea au mkanda wake. Dalili yake ni ya kipekee: unaacha jioni trei ikiwa na maji na sakafu kavu, asubuhi trei imepungua na sakafu imelowa, wala hakuna ufa. Hakikisha hakuna kitambaa kinachovuka ukingo. Sifongo ikatwe iwe ndogo kuliko trei, ikae chini kabisa.

*Miguu yenye uwazi.* Stendi nyingi za chuma zimetengenezwa kwa mabomba membamba. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu juu, hushuka ndani ya bomba na kutokea chini ya mguu, mbali na trei. Pindua stendi juu chini juu ya beseni. Ikitoa maji, umempata mhalifu. Ikaushe siku nzima ikiwa imepinduliwa, kisha ziba matundu ya juu kwa silikoni. Usizibe ya chini peke yake, utakuwa umeyafungia maji ndani na chuma kitaoza kimyakimya.

Rasharasha pembeni, ukutani na kwenye viatu

Hapa trei haina kosa. Tone likidondoka kutoka juu likatua kwenye trei tupu ngumu, au kwenye maji yaliyotulia, hutawanyika vipande vidogo. Utaona duara la vidoa kuzunguka stendi, na ukuta wa nyuma ukianza kubadilika rangi. Weka kitu cha kulivunja tone: kokoto, wavu wa plastiki ulioinuliwa kidogo au sifongo yenye matundu makubwa. Kokoto zinapendeza na zinaongeza uzito, ila kumbuka zinakula nafasi ya maji. Pima upya uwezo wa trei baada ya kuziweka: mimina maji kwa chupa yenye alama mpaka yakaribie ukingo, uandike kiasi hicho.

Kama stendi yako ni ya kutundika ukutani, tazama ncha za mbavu za miavuli. Mwavuli uliofungwa bila kukazwa hutanuka chini, na ncha zake hudondosha nje ya trei hata kama mpini umening'inia katikati kabisa. Trei ya namna hiyo inapaswa kuwa pana kuliko mwavuli uliolegea, si kuliko ule uliofungwa vizuri dukani.

Mchirizi kutoka mlangoni hadi kwenye stendi

Mwavuli hudondosha kwa kasi mara tu unapofungwa, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo hatua chache za kwanza baada ya kizingiti ndizo zenye maji mengi. Stendi iliyowekwa ndani sana, hata iwe nzuri namna gani, hupokea mabaki. Ukiona matone yamepangana kama njia ya siafu, acha kuikagua stendi, isogeze. Ikae ndani ya hatua mbili tatu za mlango, upande ule mkono unaofungua mlango haupo, ili mtu asigeuke na mwavuli wake. Panapowezekana, pawepo nafasi ya kukung'utia nje chini ya baraza. Kukung'uta mara tatu nne kabla ya kuingia kunaondoa maji ambayo hakuna trei italazimika kuyabeba.

Mkeka ulio kati ya mlango na stendi usaidie, usidanganye. Mkeka uliokwisha kushiba maji huyarudisha kwenye soli za kila anayeukanyaga, na unayasambaza hadi ndani. Kwenye marumaru laini hiyo ni hatari ya kuteleza. Ukibonyeza kwa kiganja ukaona maji yanatoka, ubadilishe saa hiyohiyo.

Mwavuli mmoja unadondosha kuliko yote

Angalia kitambaa. Kitambaa cha mwavuli kipya kina dawa ya kusukuma maji: matone hukaa juu yake kama umande kwenye jani la muhogo, ukikung'uta yanaruka. Dawa hiyo ikichakaa, au kitambaa kikiwa na jasho, mafuta na vumbi, maji yanazama ndani. Hapo mwavuli unakuwa kama nguo iliyotoka kufuliwa, na utadondosha kwa muda mrefu hata ukiukung'uta.

Ufue kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, uusuuze mpaka povu liishe, kisha uukaushe ukiwa umefunguliwa. Mara nyingi uchafu ukitoka, dawa iliyobaki inafanya kazi tena. Hewa ya moto ya wastani kutoka kwenye mashine ya kukaushia nywele, ikipitishwa kwa umbali bila kutulia mahali pamoja, husaidia pia. Isipofaa, puliza dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa vitambaa, ukiwa nje penye hewa.

Harufu, utelezi na viluwiluwi

Hii ndiyo dalili ninayoiona nzito kuliko dimbwi, kwa sababu dimbwi linaonekana na kufutwa, lakini trei hii inakaa kimya kwenye kona.

Maji ya mvua yanayoingia kwenye trei yana vumbi, nywele, majani na udongo. Yakikaa, hujenga utando wenye utelezi kwenye kuta za trei, ukungu unafuata na harufu inakuja. Kuongeza manukato hakusaidii. Mwaga, sugua kwa brashi na sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kabisa na siki wala tindikali nyingine yoyote, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Klorini pia hula chuma, hata kile kinachouzwa kwa sifa ya kutoshika kutu, hivyo isuuzwe vizuri.

Kuhusu mbu, jambo moja halifahamiki vya kutosha. Mbu wa jamii ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, wanapenda vyombo vidogo kama hivi, na hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Mayai hayo yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo ukimwaga maji bila kusugua kuta, mayai yamebaki yanasubiri mvua nyingine. Penye joto, yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Ukimwaga na kusugua angalau mara moja kwa wiki, unaukata mzunguko huo kabla haujakamilika. Hii ni pamoja na stendi iliyowekwa stoo kiangazi kikiingia: iwekwe kavu, tena imepinduliwa.

Kutu na madoa

Kutu huanzia palipokwaruzwa na ncha za miavuli, yaani ndani ya stendi, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Doa la kutu kwenye vigae vya kawaida hutoka kwa maji ya limau yakiachwa dakika chache. Kwenye marumaru ya asili usithubutu. Tindikali ya limau hulila jiwe lenyewe na kuacha doa hafifu lisilong'aa, baya kuliko kutu. Chini ya miguu ya stendi weka vifuniko vya mpira kabla tatizo halijaanza.

Stendi inaanguka

Uzito uko juu, kitako ni chepesi. Mwavuli mrefu unaoegemea upande mmoja unatosha kuiangusha. Tia kokoto au mchanga uliofungwa vizuri kwenye mfuko, uweke chini ya trei kama pana nafasi, au ifunge stendi ukutani. Miavuli mifupi ya kukunja iwe na sehemu yake; ikitupwa kwenye tundu la mirefu huzama hadi ndani ya maji, na atakayeitoa atalowesha mkono na sakafu.

Kikaushio cha pedi hakikaushi

Hiki ni kile unachopitisha mwavuli katikati ya pedi mbili za kitambaa chenye nyuzi ndogondogo, bila umeme. Ukitoka bado umelowa, bonyeza pedi. Zikitoa maji, zimeshiba; zikamue, zikauke, na uwe na seti ya pili ya kubadilisha. Kama ni kavu lakini hazinyonyi, uliza zinafuliwa na nini. Dawa ya kulainisha nguo huacha tabaka jembamba juu ya nyuzi, na nyuzi hukataa maji. Zifue mara mbili kwa sabuni ya kawaida peke yake. Sababu nyingine ni mtumiaji: mwavuli uliofungwa mkanda hukaushwa nje tu. Ulegezwe kwanza, upitishwe mara kadhaa huku ukizungushwa.

Vipo pia vikingio vyenye kitako cha jiwe jepesi la daiatomaiti, linalonyonya maji na kuyaachia hewani. Likiacha kunyonya, vitundu vyake vimezibwa na vumbi na mafuta ya mikono. Ushauri wa kawaida ni kulipitishia msasa laini, lakini nchini Japani mwaka 2020 baadhi ya bidhaa za daiatomaiti ziliondolewa sokoni baada ya kukutwa na asbesto, nyuzi ambazo ni hatari zikivutwa kama vumbi. Kama hujui jiwe lako limetoka wapi, usilisugue. Hata ukilijua, lilowanishe kwanza ili vumbi lisiruke.

Mashine ya mifuko: mfuko haufunguki, unapasuka au unatoka miwili

Mashine nyingi za aina hii hazina umeme. Mifuko mirefu imepangwa kama kurasa, imetundikwa kwenye pini. Mdomo wa mfuko wa mbele hushikwa wazi, unasukuma mwavuli chini, unauvuta kuja kwako, na mfuko unachanika kutoka kwenye pini.

Usipofunguka, toa rundo lote kwanza. Huenda limetundikwa nyuma mbele, au mifuko imegandana kwa kukaa stoo chini ya mzigo. Lipepee kama pakiti ya karatasi za printa, ulirudishe. Ikitoka miwili kwa pamoja, sababu ni hiyohiyo ya kugandana, au rundo ni nene kuliko mashine inavyoweza kubeba, punguza. Mfuko ukipasuka chini, mtumiaji anashindilia mwavuli kwa nguvu, au mifuko ni mifupi. Ukipasuka ubavuni, mbavu zimetokeza kwa sababu mkanda haukufungwa. Na aliyeuvalisha mwavuli wake mfuko akumbushwe kuuvua afikapo: mwavuli unaolala ndani ya nailoni huota ukungu na mbavu zake hupata kutu.

Mwavuli wa kukunjika kinyume

Huu hufungwa upande uliolowa ukiwa ndani, hivyo wenyewe ni kama kikombe. Ukisimamishwa kwa mpini, mdomo wake unatazama juu na maji yanabaki humo, sakafu inakuwa kavu, kisha mtu anauinamisha na yote yanamwagika kwa mkupuo. Kwenye stendi uwekwe mdomo chini.

Dimbwi linatokea mvua ikiwa imekatika

Dalili hii huwachanganya watu wa usafi: nje jua linawaka, mlangoni pana maji. Tazama pipa la mifuko iliyotumika. Kila mfuko umetupwa ukiwa na maji kidogo chini, mifuko imelaliana, maji yameshuka, na pipa lina nyufa au matundu ya mapambo. Badilisha pipa liwe lisilo na tundu na lenye kitako kipana, na pembeni yake weka ndoo yenye chujio ambamo mtu atamimina maji ya mfuko kabla ya kuutupa. Ndoo hiyo na pipa vimwagwe jioni ileile, kabla jengo halijafungwa.